Mkono na Bei: Safari ya Kitenzi "Caress"

Swali lililozaa makala haya liliulizwa barazani, baada ya sala ya alasiri, na kijana mmoja anayesoma chuo. Alikuwa amepewa kazi ya kufasiri kwa Kiingereza beti kadhaa za Utendi wa Mwana Kupona. Alipofika pale mama anapomuusia bintiye kwamba mume akilala amwegemee, ampapase, na asikose kumpepea, alifungua kamusi, akachukua kitenzi cha kwanza alichokikuta mbele ya papasa, nacho ni fondle, akakiweka. Mwalimu wake, ambaye Kiingereza ni lugha ya mama yake, alicheka kwanza, kisha akakunja uso. "Maalim," kijana akaniambia, "nimekosea wapi? Kamusi ndiyo iliyonipa."

Ni kweli kwamba kamusi ndiyo iliyompa. Lakini kamusi humpa mtu neno kama muuza duka anavyompa mteja kitambaa: hamwambii kilitoka bandari gani, wala nani alikivaa kabla yake. Na maneno ya mkono, yaani yale yanayotaja namna mtu anavyomgusa ampendaye, yana historia nzito kuliko maneno mengi. Ukikosea hapo huharibu sarufi; unaharibu heshima ya watu. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili bintiye, Mwana Hashima, abaki na usia wa mama yake. Kumtia mama huyo kinywani neno linalomfanya msomaji wa leo acheke au akunje uso ni kumdhulumu.

Nilimwahidi kijana kwamba tutalitafuta pamoja neno lifaalo. Haya ndiyo tuliyoyakuta.

Kiingereza kina vitenzi vingi vya mkono wa upole, na cha kwanza kumjia mtu kichwani ni stroke. Hiki ni cha asili ya Kiingereza chenyewe, na ni ndugu wa damu wa strike, yaani kupiga. Nomino yake mpaka leo hutaja pigo: pigo la upanga, pigo la saa inapogonga, pigo la kasia majini, na yale maradhi ambayo sisi huyaita kiharusi. Mkono uleule upitao juu ya manyoya ya paka ndio uliokuwa ukishuka na shoka. Tusiwacheke sana Waingereza kwa hilo, maana na sisi tunapiga kasia, na tukipenda tunapiga busu.

Cha pili ni fondle, kilichomponza kijana wetu. Hiki kinatokana na fond, na katika Kiingereza cha karne ya 14 fond ilikuwa ni sifa ya mpumbavu: mtu aliyepungukiwa na akili, aliyepumbaa. Maana hiyo ilikuwa hai bado zama za Shakespeare. Mfalme Lear, anapozinduka na kumkuta binti aliyemfukuza yuko mbele yake, hujitaja kuwa mzee mpumbavu, na moja katika sifa anazojipa ni hiyo fond. Haimaanishi kwamba yeye ni mwenye mapenzi, bali kwamba akili zake zimemtoka. Hata hivyo wakati huohuo neno lilikuwa limekwisha kuanza kuhama. Mwenye kupenda hufanya mambo ya kipumbavu, na kila mtu anajua hivyo, basi polepole fond ikawa ni yule apendaye hadi kupumbaa, kisha ikawa ni yule apendaye tu, na upumbavu ukasahauliwa njiani. Katika shairi lake la Venus na Adonis, lililochapishwa mwaka 1593, Shakespeare anamfanya mungu wa kike wa mapenzi amwite yule kijana fondling, kipenzi kidogo kilichodekezwa. Na kutokana na nomino hiyo, mwishoni mwa karne ya 17, kikazaliwa kitenzi fondle. Kwanza kilimaanisha kudekeza, kuengaenga, kumlea mtoto kwa huruma iliyozidi kipimo. Mkono ulikuja baadaye.

Lau mambo yangekomea hapo, kijana wetu angesalimika. Lakini katika nyakati za karibu zaidi neno hilo limekamatwa na mahakama. Magazeti ya Kiingereza na baadhi ya sheria za Marekani hulitumia kwa mguso usio halali, hasa wa mtu mzima kwa mtoto, hata msomaji wa siku hizi akilikuta katika shairi la zamani hushtuka kabla hajafikiri. Safari ya neno hili inasikitisha: limetoka kwa mpumbavu, likapita kwa mama mwenye mtoto mapajani, likaishia kizimbani. Siamini kwamba litarudi tena mapajani kwa mama.

Kwa hivyo tukafika kwenye caress, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji avute mkeka, maana hadithi yake ni ndefu.

Caress haikuzaliwa Uingereza. Waingereza waliipokea kutoka kwa Wafaransa kati ya karne ya 17, na Wafaransa walikuwa wameipata kwa Waitalia katika zama ambazo mambo mengi ya Italia yalivuka milima na kuingia Ufaransa: vitambaa, vyakula, adabu za kasri, na maneno. Majeshi ya mfalme wa Ufaransa yaliingia Italia mwaka 1494, na mwaka 1533 Catherine de' Medici wa Florence aliolewa na mwana wa mfalme wa Ufaransa. Maneno ya Kiitalia yalizidi hata msomi Henri Estienne akaandika kitabu kizima mwaka 1578 kuwakejeli watu wa kasri kwa Kifaransa chao kilichokwisha kuwa Kiitalia. Anayedhani kwamba malalamiko juu ya maneno ya kigeni yameanza kwetu na akasome habari hizo.

Waitalia husema carezza, na ndani yake mna caro, lililotoka katika neno la Kilatini carus. Basi carus ni nini? Ni kipenzi, lakini pia ni kitu cha bei kubwa. Maana mbili katika neno moja, wala hazikugombana. Mrumi alimwita mwanawe carus, na ngano ilipopanda bei sokoni aliiita carus. Kutokana na sifa hiyo wakapata nomino caritas, ambayo ni mapenzi na ni ughali. Mwaka wa njaa Roma ilipungukiwa na nafaka, watu walilalamikia caritas ya chakula, na neno hilohilo ndilo mtu alilolitumia kwa pendo alilonalo kwa wazazi wake.

Jambo hili si la Warumi peke yao. Kiingereza nacho kina dear, ambalo ni mpenzi na ni ghali, na kutokana nalo wakaunda dearth, uhaba na njaa, kwa kuwa njaa ndiyo ipandishayo bei. Kwa hivyo neno la kuanzia barua ya mapenzi na neno la ukame ni mtu na nduguye. Waarabu wana ghali, linalosemwa juu ya bidhaa na juu ya mtu umpendaye. Sisi tulipolichukua neno hilo tuliliacha sokoni: samaki ni ghali, nauli ni ghali, lakini hatumwiti mtu ghali wetu. Kwa ajili ya moyo tulichukua neno jingine la Kiarabu, azizi, ambalo asili yake ni kitu chenye nguvu, chenye utukufu, na kilicho adimu. Na rafiki tusiyemwona muda mrefu tunamwambia, "Umeadimika." Hapo bila kukusudia tunafanya hesabu ileile ya Mrumi: kilichopungua kimepanda thamani.

Wanaisimu wanaofuatilia jamaa kubwa ya lugha zilizotapakaa toka India hadi Ulaya wanakwenda nyuma zaidi. Wanasema carus ilichipuka katika mzizi wenye maana ya kutamani na kupenda. Kutokana na mzizi huo Waayalandi walipata cara, rafiki. Na Wahindi wa kale, katika Kisanskriti, walipata kama, tamaa na mapenzi, ambalo pia ni jina la mungu wao wa mapenzi. Katika lugha za Kijerumani, ambazo Kiingereza ni mojawapo, sauti iliyokuwa k mwanzoni mwa neno iligeuka h. Ndiyo maana mia kwa Kilatini ni centum, ikitamkwa kwa k, na kwa Kiingereza ni hundred, na pembe ni cornu huku na horn kule. Kwa kanuni hiyohiyo, mzizi wa mapenzi uliwapa Waingereza neno ambalo leo ni tusi kwa mwanamke, lenye maana ya kahaba. Lugha moja ilifika kwenye urafiki, nyingine ikafika kwenye uungu, na nyingine kwenye tusi, na zote zilianzia mahali pamoja. Sijui neno jingine lililowagawa wajukuu wake namna hii.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo. Yule Richard Burton, Mwingereza aliyefika Unguja Desemba 1856 kabla ya kwenda kutafuta maziwa makuu, na aliyeandika kitabu cha majuzuu mawili juu ya kisiwa hiki mwaka 1872, ndiye aliyehusika pia katika kuitoa Kama Sutra kwa Kiingereza mwaka 1883. Kazi ya kufasiri yenyewe ilifanywa zaidi na wasomi wa Kihindi, Bhagwanlal Indraji na Shivaram Bhide, lakini jina lililobaki vinywani mwa watu ni la Burton. Huo ni mtindo wa zamani na hauhitaji maelezo katika visiwa ambamo washairi wengi walikusanyiwa kazi zao na wageni.

Turudi Roma. Ilipofika mwishoni mwa karne ya 4, Jerome alipokuwa akitayarisha Biblia kwa Kilatini, lile neno la Kigiriki agape lilihitaji neno la Kilatini. Mahali pengi, pamoja na ile sura mashuhuri ya 13 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, lililosimama ni caritas. Hivyo neno la bei ya ngano likapanda madhabahuni. Lilipoingia Kiingereza likawa charity, na likazua ugomvi uliogharimu zaidi ya wino. William Tyndale, aliyechapisha Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, alikataa charity akaandika love. Thomas More akamshambulia mwaka 1529, na hilo likiwa miongoni mwa mashtaka yake: kwamba kubadili neno ni kubadili dini. Tyndale aliuawa mwaka 1536, akanyongwa kisha maiti yake ikachomwa moto. Si kwa neno hilo moja, lakini nalo lilikuwamo katika fungu. Biblia ya mwaka 1611 ikarejesha charity katika sura ile. Marekebisho ya mwaka 1881 yakarudi kwenye love. Waliofasiri kwa Kiswahili waliandika upendo, na hakuna aliyegombana nao.

Wakati wa ugomvi huo wote charity ilikuwa ikipungua. Ilitoka kwenye pendo la Mungu na la jirani, ikashuka hadi sadaka, na leo ni kikapu cha kuchangia maskini. Nayo dada yake, aliyezunguka kwa Waitalia na Wafaransa, akaingia Uingereza kwa mlango mwingine akiitwa caress. Mmoja ni mkono unaotoa, mwingine ni mkono unaogusa, na wote wawili wana mama mmoja aliyekuwa akiuza nafaka.

Lakini hapa ndipo penye jambo ambalo wafasiri wengi hujikwaa nalo. Caress ilipoingia Kiingereza, mkono haukuwamo, au ulikuwamo kwa mbali tu. Maana yake ilikuwa ni kumfanya mtu ajione kuwa ana thamani: kumkaribisha kwa heshima, kumsifu, kumkalisha karibu. Katika historia na barua za karne ya 17 na ya 18 utamkuta jemadari aliyerejea vitani akifanyiwa caress na mfalme, au balozi akifanyiwa hivyo na baraza zima la mawaziri. Anayefasiri hapo kwa kupapasa atatufanya tuone kichekesho ambacho mwandishi hakukikusudia. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, anaeleza kitenzi hiki kwa mambo matatu, nayo ni kumfanya mtu kipenzi, kudekeza, na kumtendea kwa wema. Hakuna hata moja linalolazimisha kidole kimguse mtu.

Maana hiyo ya siasa ilikaa muda mrefu. Machiavelli, katika kitabu chake juu ya mtawala, alichokiandika mwaka 1513, anatoa ushauri wa kutisha kwamba watu ama watendewe kwa kubembelezwa ama wamalizwe kabisa. Kitenzi chake cha Kiitalia hakitokani na caro. Kinatokana na vezzo, ambalo ni neno la urembo na madaha, na ambalo asili yake, ajabu ya Mungu, ni neno la Kilatini la aibu na kasoro. Hata hivyo Luigi Ricci, alipokifasiri kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 1903, aliandika caress. Msomaji wa leo humwona mtawala akimshika raia shavu. Msomaji aliyemjua Johnson angeona vyeo, zawadi na maneno matamu.

Mkono uliingia kidogo kidogo. Kumtukuza mtu kulionekana katika ishara: kukumbatia, kubusu, kumshika bega; kisha ishara zikalimeza jambo zima, na waliobaki na neno ni wapenzi na wazazi. Baada yao washairi wakaligawa kwa viumbe visivyo na mikono. Upepo, mwanga wa mwezi, mawimbi, hata sauti ya mwimbaji, vyote vikapewa caress. Nakiri kwamba matumizi haya yananichosha. Upepo wa mashairi mabaya ya Kiingereza umepapasa mashavu mengi mno, na nasikia umeanza kuvuma katika mashairi yetu mapya pia.

Basi nikamwambia kijana: kati ya hayo matatu, kinachomstahiki Mwana Kupona ni caress, na hoja imo ndani ya utendi wenyewe. Mama yule anapoanza kumuusia bintiye hasemi kwamba anampa maneno matupu. Anampa hirizi, anataka aifunge kwa uzi, na anamtaka aipe taazizi. Kisha anamtungia kidani cha lulu na marijani. Taazizi ni neno la nyumba moja na azizi. Usia wote umevishwa lugha ya thamani, ya kitu adimu kinachotunzwa, kinachovaliwa shingoni. Mke anayempapasa mume aliyelala, kwa mujibu wa mama huyu, anamtia thamani. Kitenzi chenye carus ndani yake kinalijua jambo hilo, hata kama Mwingereza anayelitamka amelisahau. Stroke ina pigo ndani yake, fondle ina upumbavu, na upumbavu ni kitu cha mwisho ambacho mtu anaweza kumsingizia mjane wa Bwana Mataka wa Siyu.

Kijana alinyamaza, akatafakari, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Na papasa yetu, maalim, ina nini ndani?"

Niliona haya kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimezungumza muda wote juu ya maneno ya watu. Papasa ina giza ndani yake. Mwenye kupapasa ni mtu aliyeamka usiku akitafuta kiberiti, ni kipofu anayeutambua ukuta, ni mtoto anayemtafuta mama kitandani kabla hajafumbua macho. Mkono unatangulia, na akili inafuata nyuma yake. Hata yule mdudu papasi, anayetambaa usiku mwilini mwa mtu, anaonekana kuwa na hisa katika sauti hii. Na watu wa Mji Mkongwe walipowapachika jina hilo vijana wanaowaandama watalii, walijua walichokuwa wakikisema. Kwa hiyo papasa haisemi lolote juu ya bei. Inasema kwamba anayegusa haoni.

Sasa, Emmanuel Levinas, mwanafalsafa aliyezaliwa Lithuania mwaka 1906 na kuandika kwa Kifaransa, alitoa mihadhara mjini Paris mwaka 1946 na 1947, muda mfupi baada ya kutoka katika kambi ya wafungwa wa vita ya Wajerumani. Katika mihadhara hiyo aliizungumzia caresse. Alisema kwamba mkono wa namna hiyo haujui unachokitafuta, na kwamba kutojua huko ndiko kiini chake. Mkono ukishajua, ukakamata, jambo limekuwa jingine. Watu wamelisifu wazo hilo tangu hapo, nami nalisifu. Lakini alilazimika kulitia wazo lake ndani ya neno ambalo halikuwa nalo, kwa sababu caresse inajua vizuri sana inachokitafuta, nacho ni kitu cha bei. Neno ambalo lingembebea fikra yake bila kusukumwa lilikuwa kinywani mwa kila bibi wa Siyu na Pate.

Hivyo caress itamletea msomaji wa Kiingereza thamani, na itamnyima giza. Mume amelala, chumba, tunaweza kudhani, hakina taa, mke anaegemea, na mkono wake unatafuta njia. Hayo hayavuki.

Kijana aliichukua karatasi yake, akalifuta fondle kwa raba mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni, akaniaga. Mahali pa neno hilo palikuwa bado patupu, na jua lilikuwa linakaribia kuchwa.